Mkongo uliomo shambani kwetu ni wa nani? Naomba ufafanuzi kuhusu miti iliyohifadhiwa kisheria

Mkulima wa Nachingwea

Shikamooni wazee, na wenzangu hamjambo. Naandika kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Nachingwea, nikiomba msaada wa wanaoifahamu sheria ya misitu, maana jambo lenyewe limekwisha kuleta maneno nyumbani na nisingependa lifike pabaya zaidi.

Marehemu baba alituachia shamba la mikorosho la eka nne. Kwenye kona ya kusini, mpakani na jirani, umesimama mkongo ambao baba hakuupanda. Aliukuta alipofyeka pori lile akiwa kijana, akauacha. Watu wazima wawili wakishikana mikono kuuzunguka hawafikiani. Kila kiangazi maganda yake magumu hupasuka kwa mlio unaosikika hadi uani, na asubuhi watoto huenda kuokota mbegu zake nyeusi zenye kikofia chekundu, kama tulivyofanya sisi tulipokuwa wadogo.

Shida zetu ni mbili. Mikorosho mitatu iliyo chini ya kivuli chake haipati jua, na msimu uliopita haikutoa hata kilo chache za kuhesabika. Pia nyumba aliyoianza baba imesimama bila milango wala madirisha, mahali pa mlango wa mbele tumeegesha bati, na fundi ameniambia kwamba mti ule mmoja ungetosha milango yote, fremu zote na vitanda viwili.

Nilipomweleza mwenyekiti wa kitongoji, alinijibu kwa kifupi kwamba mti huo ni wa Serikali na nisiuguse. Wiki ile ile alikuja mtu kwa pikipiki ambaye sikuwahi kumwona, akaupima kwa kamba, akaniahidi fedha taslimu na kusema kwamba vijana wake wangeifanya kazi usiku na suala la karatasi nimwachie yeye. Binamu yangu naye ananishauri niwe nawasha moto kwenye shina kila jioni mpaka mti ufe, kwa hoja kwamba mti uliokufa wenyewe hauna kesi. Mama hataki kusikia lolote kati ya hayo, kwa sababu mti ule ndio mpaka wetu na ndipo baba alipokuwa akipumzika wakati wa kuokota korosho.

Naomba kujua mambo matatu. Kwanza, mti uliomo ndani ya shamba la urithi ni wa nani? Pili, je, nahitaji kibali hata kama nataka milango ya nyumba yangu mwenyewe na si biashara? Tatu, kama kweli sisi wanakijiji hatuna sauti juu ya miti hii, tunaitunza kwa ajili ya nani?

---

Afisa Misitu Mstaafu, Masasi

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika shoka, kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi hii mikoa ya kusini, wengi walionijia walikuja wakati magogo yamekwisha kukamatwa.

Swali lako la kwanza linahitaji kutenganisha ardhi na mti. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Shamba lenu liko kwenye ardhi ya kijiji, ambayo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ninyi mnalimiliki kwa haki ya kimila. Haki hiyo ni ya kweli na inarithiwa. Asikudanganye mtu kwamba huna chochote. Mikorosho aliyoipanda baba yenu ni yenu bila ubishi wowote.

Mkongo una habari nyingine. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inampa Waziri mwenye dhamana ya misitu uwezo wa kutangaza, kupitia Gazeti la Serikali, kwamba aina fulani ya mti imehifadhiwa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Msitu wa hifadhi ni eneo lenye mipaka, na ukitoka nje ya mpaka wake umetoka hifadhini. Mti uliohifadhiwa, kwa upande wake, unalindwa kwa sababu ya aina yake, hata ukiwa umesimama peke yake katikati ya shamba la mihogo. Mkongo, mninga ambao wengi huku tunauita mtumbati, mvule na mpingo ni miti ambayo huwezi kuikata bila kibali kwa sababu tu imeota kwako.

Kwa hiyo mwenyekiti wako hakukosea alipokukataza, lakini nasikitika kwamba alitumia neno lile la "mti wa Serikali" na kuishia hapo. Nimepita katika mashamba mengi ambako wakulima walikuwa wanang'oa miche ya mkongo na mtumbati ikiwa bado ya kimo cha goti, na nilipowauliza sababu walinijibu kwamba ikikua itakuwa ya Serikali na itawaletea watu wa kofia shambani. Mtu akishaamini hivyo, hakuna doria itakayoiokoa miche hiyo. Ukweli ni kwamba sheria haijakunyang'anya mti. Imeweka sharti juu ya namna ya kuuvuna, na wewe unayeishi nao una nafasi ya kuomba.

Kuhusu swali la pili, ndiyo, unahitaji kibali hata kwa milango yako mwenyewe. Utaanzia serikali ya kijiji, uandike barua ukieleza mti uko wapi na unautakia nini, Halmashauri ya Kijiji ikae na muhtasari uandikwe. Ukiwa na muhtasari huo utakwenda ofisi ya misitu ya wilaya, kwa afisa misitu wa halmashauri au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ambao tangu uanze kazi zake ndio unaosimamia misitu ya Serikali Kuu na leseni za mazao yake. Afisa atafika kuuona mti na kuupima kipenyo katika usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kwa sababu kila aina ina kipenyo ambacho chini yake hairuhusiwi kuvunwa. Akiridhika, utaelezwa malipo yanayotakiwa, na baada ya mti kukatwa kisiki na magogo vitagongwa nyundo ya alama. Ukitaka kuzitoa mbao kijijini utahitaji hati ya kuzisafirishia. Anayenunua kwa biashara anatakiwa pia awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa mazao ya misitu, na mtu huyo wa pikipiki, kwa maelezo yako, hakukuonyesha usajili wa aina yoyote.

Fikiria jambo moja kuhusu mtu huyo. Akishapakia, yeye ataondoka na lori, lakini kisiki kitabaki shambani kwenu, hakina alama ya nyundo, na wa kuulizwa utakuwa wewe. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lori la mbao kutoka kusini lilisubiri kivuko cha Rufiji, na wakati wa mvua barabara ilikatika kwa majuma. Daraja lilipokamilika tulilifurahia sote, mimi pia, kwa kuwa wagonjwa wetu na korosho zetu vilianza kufika Dar es Salaam kwa siku moja. Lakini magogo nayo yalipata njia, na katika miaka miwili mitatu tu niliona misitu ya barabarani ikibaki na miti myembamba ambayo zamani hakuna mtu angeiangalia. Waliotajirika hawakuwa wanakijiji. Wanakijiji walilipwa kwa gogo fedha ambazo hazikununua hata ubao mmoja wa gogo lile lile.

Ushauri wa binamu yako uukatae kabisa. Sheria haitazami shoka peke yake. Kuuharibu mti au kuuua kwa moto ni kosa vilevile, na kovu la moto kwenye shina halifichiki. Zaidi ya hapo utapoteza kile unachokitafuta, kwa sababu moto wa muda mrefu hula kiini kutoka chini na kukiacha kimepasuka, na mti wa ukubwa huo ukianza kufa huangusha matawi wakati wowote, penye mama na watoto wanaookota korosho. Moto wa shambani wakati wa kiangazi hauna adabu, na mikorosho ya jirani haitauliza nani aliuwasha.

---

Mjumbe wa Kamati ya Maliasili, Kilwa

Nimesoma maelezo ya mzee wetu na sina la kuongeza upande wa leseni. Mimi ningependa kulijibu swali la tatu, kwa sababu ndilo lililotusumbua hata sisi, na kwa bahati njema lina jibu ambalo watu wengi wa Lindi na Mtwara hawajaelezwa vizuri.

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Kijiji kikifanya hivyo kwa kufuata taratibu, kinakuwa meneja wa msitu huo kwa maana kamili: kinapanga miti mingapi ivunwe, kinatafuta mnunuzi, kinapanga bei, kinakusanya mapato na kuyatumia kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Mti ule ule ambao ukiwa nje ya utaratibu huu mrabaha wake unakwenda Serikali Kuu, ukiwa ndani ya msitu wa kijiji fedha yake inaingia kijijini.

Njia ya kufika hapo ni ndefu, nisikufiche. Kwanza mipaka ya kijiji lazima ikubalike na majirani, na hapo peke yake sisi tulikaa vikao vingi, maana kila upande ulikuwa na mzee anayekumbuka mbuyu tofauti. Baadaye hufuata mpango wa matumizi bora ya ardhi, uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kuchaguliwa kwa kamati, kuhesabu miti, kuandika mpango wa usimamizi, na kutunga sheria ndogo ambazo lazima zipitishwe na Halmashauri ya Wilaya. Kazi ya kuhesabu miti ndiyo iliyonibadilisha mimi. Tulikuwa tunatembea katika mstari ulionyooka, mmoja ameshika dira, wawili utepe, na mimi daftari, tukisimama kila hatua kadhaa na kutaja jina la kila mti ulioingia kwenye kipimo. Msitu ambao tangu utotoni niliuita pori, ghafla ulikuwa na orodha: mpingo huu, mkongo ule, mpangapanga watatu hapa. Niliporudi nyumbani jioni ile nilijua kwa hesabu kile ambacho watu wa malori walikuwa wanakijua siku zote na sisi hatukijui.

Kama unahitaji mfano, vijiji vya Kikole na Kisangi hapa Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vikisaidiwa na shirika lililopo Kilwa ambalo lilianza kwa kuutetea mpingo, na vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii yenyewe. Kijiji cha Nanjirinji nacho kimeuza magogo ya msitu wake na kuyaelekeza mapato kwenye huduma za kijiji. Karibu zaidi na wewe, majirani zenu wa Liwale wana msitu wa Angai, wa takriban hekta 140,000, uliogawanywa kati ya vijiji vinavyouzunguka. Maandalizi yake yalianza miaka ya 1990 wakati wa RIPS, mradi wa maendeleo ya vijijini uliofadhiliwa na Finland, na wazee wa huko watakwambia walivyosubiri miaka mingi kabla ya kuona manufaa. Nakutajia subira hiyo ili msije mkaanza leo na kukata tamaa mwakani.

Pia nisikuambie kwamba kila kitu ni kizuri kijijini kwetu. Fedha ya kwanza ya magogo ilipoingia, maneno yalikuwa mengi kuliko miezi yote ya doria. Kilichotuokoa ni kuweka sharti kwamba kila robo mwaka mapato na matumizi yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu, risiti zikiwa mezani, na mwanakijiji yeyote anaruhusiwa kuzishika. Na adui yetu mkubwa kwa sasa si mwizi wa magogo tena, ni shamba jipya la ufuta. Bei ya ufuta ikipanda, watu hufyeka msitu mpya kila baada ya misimu michache kwa sababu ardhi ya msitu ina rutuba na magugu machache, na mti mkubwa uliomo ndani huchunwa gome kuzunguka shina ili ukauke umesimama. Hapo hakuna mbao, hakuna mrabaha, hakuna mti.

Ndugu yangu, mkongo wako uko shambani na si msituni, kwa hiyo mpango wa kijiji hautaugusa moja kwa moja. Lakini uliuliza mnaitunza miti hii kwa ajili ya nani. Kama kijiji chenu bado kina pori lisilofyekwa, lipeleke swali hilo kwenye Mkutano Mkuu ujao kama ulivyoliandika hapa.

---

Mchongaji wa Mtwara

Mimi ni Mmakonde na ninaishi kwa mpingo, kama baba yangu alivyoishi. Kuna watu wanaodhani kwamba sisi wachongaji tungependa sheria hizi zifutwe ili tupate gogo kwa urahisi, nami naomba niseme kinyume chake.

Ukilikata gogo la mpingo unakuta kwa nje mbao nyeupe inayoelekea manjano, na katikati kiini cheusi chenye rangi ya zambarau kwa mbali kinapokuwa kibichi. Mchongaji anakitafuta kiini. Mti mwembamba wa unene wa paja unaweza kuwa na kiini cha unene wa kifundo cha mkono tu, na mara nyingi kina ufa au tundu, kwa kuwa mpingo haukui umenyooka na moto wa kila mwaka huupiga shinani. Kiini ni kizito hata ukikitupa majini kinazama. Inachukua miaka 70 hadi 100 kwa mpingo kufikia unene wa kuvunwa, maana yake ni kwamba gogo ninalochonga leo lilianza kuota kabla ya babu yangu hajajua kushika tezo.

Huko Ulaya na Marekani mpingo huu ndio unaotengeneza klarineti, obo na zumari zao za mifuko. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya mpingo duniani imewekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliondolewa katika masharti hayo. Kwa hiyo hata mgeni anayenunua kinyago kwangu anaweza kuulizwa karatasi kwenye uwanja wa ndege. Usumbufu upo, sikatai. Lakini nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa tunapata mpingo kwa mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani, na leo gogo zuri linatoka wilaya nyingine kabisa. Wakati hakuna aliyetuuliza karatasi ndipo mpingo wa karibu ulipokwisha.

Kwa kaka aliyeuliza: mkongo si mti wangu wa kazi, ila fundi wako amesema kweli kuhusu ubora wake. Ni mbao ya milango na majahazi, mchwa hauiwezi kwa urahisi. Ukipata kibali, usiruhusu mti upasuliwe na watu wa msumeno wa injini wasio na uzoefu, kwa kuwa nusu ya mti huishia kuwa unga. Tafuta wapasuaji wanaojua kuusoma mti, na mbao uzipange kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti hadi zikauke, vinginevyo milango itapinda.

---

Mama wa Newala

Wanangu, mimi si mtaalamu, lakini nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde na nina jambo la kumwambia kijana wa Nachingwea.

Huku kwetu juu hakuna mto wala chemchemi. Tulipokuwa wasichana tulishuka bondeni usiku wa manane kufuata maji na kupanda tukiwa na ndoo kichwani wakati jua linachomoza. Njiani kulikuwa na miti mikubwa mitatu tuliyoipa majina, na kila mmoja ulikuwa kituo cha kutua ndoo. Yote ilikatwa katika kipindi kifupi, mmoja kwa ajili ya mkaa, mwingine sijui kwa nini, na wa tatu kwa sababu kwamba wenzake walikuwa wamekwisha kukatwa. Miti mikubwa ya zamani unayoweza kuiona sasa kijijini kwetu iko makaburini na karibu na msikiti, ambako hakuna sheria ya Waziri iliyoilinda, ni staha ya watu tu.

Mama yako ana haki. Mti wa mpaka ukikatwa, mtagombana na jirani yenu kabla mbao hazijakauka. Kabla ya kwenda kwa afisa yeyote, kaeni na jirani huyo.

---

Mkulima wa Nachingwea

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote, na kwa Mama wa Newala naongeza shikamoo ya pekee, kwa sababu jambo la jirani halikuwa limenijia kichwani hata kidogo. Jana jioni nilikwenda kumwona. Kumbe yeye na marehemu baba walikwisha kukubaliana tangu zamani kwamba mti ule usikatwe na upande wowote bila mwenzake kujua, na alikuwa amemwona mtu wa pikipiki akiupima na akasubiri kuona kama nitamweleza. Niliona aibu, lakini tumeelewana.

Nimemsomea mama majibu yenu yote. Aliponisikia nikisoma habari ya miche inayong'olewa ikiwa ya kimo cha goti alinyamaza, kisha akanipeleka nyuma ya choo cha zamani akanionyesha mikongo miwili midogo ambayo baba alikuwa ameizungushia miiba ili mbuzi wasiifikie. Sikuwa nimewahi kuiona. Kuna na mmea mwingine pembeni yake, majani yake yamekauka yote, nadhani ni mtumbati uliokufa.

Mikorosho mitatu ile nimekubali kuiacha. Nitapanda mingine upande wa pili wenye jua. Kwa upande wa milango, nimebaki na swali moja kwa mzee wa Masasi. Tawi moja kubwa la mkongo lilivunjika wakati wa mvua za masika na liko chini hadi sasa, refu kama mita sita na nene kiasi. Je, tawi lililoanguka lenyewe nalo linahitaji kibali, au naweza kumwita fundi?

---

Afisa Misitu Mstaafu, Masasi

Mwanangu, lichukulie tawi hilo kama mti wenyewe mpaka afisa aseme vinginevyo, kwa sababu ubao wa mkongo ukiwa njiani hakuna anayeweza kujua kama ulitoka kwenye tawi lililoanguka au kwenye mti uliokatwa usiku. Usilipasue kwanza. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji, walione likiwa mahali lilipoangukia, na jeraha la juu ya shina, pale tawi lilipovunjikia, waliandike wazi kwenye barua yao. Lipige na picha. Ukiwa na barua hiyo nenda ofisi ya misitu ya wilaya kabla mvua nyingine hazijaanza kuliozesha. Ombi la tawi lililoanguka ni rahisi kulitetea kuliko ombi la kuangusha mti mzima, na kwa urefu huo, kama ni nene kama unavyosema, mlango wa mbele unaweza kupatikana na pengine na fremu zake.

Ule mtumbati wa nyuma ya choo usiung'oe. Miche ya mtumbati hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa na kuchipua tena wakati wa mvua, huku mzizi ukizidi kunenepa chini, hadi mwaka ambao mche una nguvu za kutosha ndipo shina hupanda moja kwa moja. Kwaruza kidogo gome la chini kabisa kwa ukucha. Kama pana ubichi, urudishie miiba ya baba yako.